Swali la Tisa Nililoliruka

Kwanza nimjibu yule msomaji wa Muthangari aliyeniandikia kuuliza kama wakili wa serikali huwa anaona haya. Ndiyo, ndugu yangu, huwa anaona. Shida ni kwamba ofisini kwetu haya haina marupurupu, kwa hivyo watu huiacha nyumbani.

Kwa wewe unayeanza kunisoma leo, mimi ni Musili Ndeti, wakili katika ofisi ya serikali inayokusanya madeni, orofa ya sita, katikati ya jiji. Mtu akidaiwa na serikali, faili yake huja kwangu nami namshtaki. Nimeshawasimulia jinsi Kavutha alivyoniacha, jinsi ploti yangu ya Joska ilivyogeuka kuwa ya watu wanne, na jinsi benki ilivyochukua gari langu mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani. Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya meza ya Madam Nyawira, mkuu wangu, akinipa siku thelathini nilete pesa za serikali au nifungashe virago niende stesheni ambako maji huletwa na punda.

Faili aliyonitupia ilikuwa ya mtu anayeitwa Peres Nanyama.

Huyu Peres alikuwa mtunza stoo katika chuo kimoja cha serikali. Alipostaafu, mtu fulani kwenye kompyuta fulani alisahau kumwondoa, na mshahara ukaendelea kuingia miezi kumi na tisa. Serikali ilipogundua, haikumtafuta mtu wa kompyuta. Ilimshtaki Peres. Ukijumlisha riba na gharama, deni lilikuwa limefika milioni moja na laki mbili.

Kesi yenyewe niliishinda mwaka jana bila jasho, maana Peres hakuwepo. Lazarus Wesonga, mpelekaji hati wetu, aliapa kwamba alimtafuta mara tatu asimpate. Lazarus alimtafuta akiwa kwake kwenye kochi anatazama mpira, mimi nilijua, na nikatia sahihi. Nikaomba ruhusa ya mahakama nimwite kwa tangazo gazetini, ukurasa ule wa maandishi madogo kuliko chawa. Nani husoma ukurasa ule? Hata mimi niliyeandika tangazo sikulisoma. Siku zikapita, hukumu ikatoka.

Sasa zilitakiwa pesa zenyewe.

"Madam," nikajaribu, "na yule wa Lavington? Milioni tisini. Faili yake iko juu ya kabati tangu nije hapa."

"Yule ana mawakili saba," Madam Nyawira akasema bila kuinua kichwa. "Peres hana hata mmoja. Niletee Peres."

Lazarus alipewa hati ya kumwita Peres kortini, akaambiwa safari hii hakuna posho bila sahihi ya mdaiwa. Alimpata kwa siku mbili.

"Mama mpole sana, mkubwa," akaniambia. "Amenipa hata chai."

"Anakaa wapi?"

"Jamhuri."

"Na mimi nakaa Jamhuri."

"Jamhuri ni kubwa," akasema, akaenda kudai posho yake.

Namba ya nyumba ilikuwa kwenye karatasi aliyoniachia. Sikuisoma. Najua, najua. Mtakaoniandikia matusi, andikeni kwa herufi kubwa niweze kuyasoma vizuri.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua mashati. Nakaa chumba cha nyuma, kwenye uwanja wa mama mmoja tunayemwita Mama Selpher. Nimekaa hapo miaka miwili. Kodi ni elfu kumi na mbili kwa mwezi, na tangu mambo ya Joska sijalipa miezi saba. Nilipokuwa nalipa, pesa ilikwenda kwenye simu ya Selpher, binti yake aliyeolewa Kitale. Mwenye nyumba mwingine angekuwa amenitolea godoro nje zamani. Huyu alikuwa akinigongea na sahani ya mrenda na ugali, anaiweka, anaenda zake.

"Wakili, uko?" Yeye huniita Wakili.

"Niko, Mama Selpher."

"Nimeletewa karatasi. Miwani yangu imevunjika mkono. Hebu nisomee."

Nilifuta mikono kwenye suruali nikaipokea. Muhuri wa mahakama. Kesi baina ya serikali na Peres Nanyama. Mdaiwa afike Jumanne saa tatu kamili aulizwe kuhusu mali zake. Na chini kabisa, mchoro mmoja mbaya kama nywele kwenye sabuni. Nilitambua ule mchoro. Ni sahihi yangu.

"Wewe unaitwa Peres?" nikauliza.

"Kwani ulidhani mama yangu alinizaa akaniita Mama Selpher?"

Miaka miwili nimekula kwake, wasomaji. Sikuwahi kuuliza jina lake.

"Inasema nini, mwanangu?"

Nikamwambia inasema serikali inamdai. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, taratibu, kwa sababu goti lake la kushoto ni bovu.

"Nilidhani ni pensheni," akasema. "Nilisimama kanisani nikashukuru, watu wakanipigia makofi. Kumbe pensheni yenyewe haijatoka hata leo. Nimeenda zile ofisi mpaka askari wa mlangoni akawa ananiuliza habari za watoto." Akaigeukia nyumba. "Watachukua nyumba?"

"Mama..."

"Ndiyo hii tu niliyo nayo. Tuliinunua na marehemu, miaka ishirini na tatu tukikatwa mshahara. Kule Kitale nyumba ya Selpher ina mume wake na mama ya mume wake. Shamba la Bungoma shemeji zangu waligawana hata kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nikitolewa hapa naenda wapi? Niambie wewe uliyesoma."

Hapa ndipo penye aibu yangu, nanyi msome taratibu. Ningeweza kumwambia, Mama, ni mimi. Ningeweza kumwambia atafute wakili wa kweli, aombe hukumu ifutwe kwa sababu hakuwahi kupelekewa hati, na angeshinda, maana mimi ndiye najua Lazarus alikuwa kwenye kochi. Lakini nikifungua mdomo, kazi imekwenda. Nikaangalia mashati yangu kwenye karai.

"Hii niachie mimi," nikasema. "Wala usijisumbue kwenda. Nitasimama mimi mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli, Mama."

Akanishika mkono wenye povu kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki. Na ile kodi, usiiwaze kwanza."

Nilijiona mchafu, na nilikuwa na sabuni mpaka viwikoni.

Mjue nilichofanya. Mdeni akiitwa aulizwe mali zake na asifike, hukamatwa. Najua kwa sababu ombi la kumkamata huandikwa na mimi. Mpango wangu ulikuwa nisimame Jumanne niseme faili haijakamilika, nipate mwezi mmoja, na katika mwezi huo Mungu afanye jambo. Niliona ni mpango wa maana sana. Nikalala usingizi mzuri siku zote tatu.

Jumanne, mahakama ya Milimani, saa tatu kasorobo. Niko kwenye benchi la mawakili na suti yangu nyeusi. Nasikia viatu nyuma yangu, kok kok kok, halafu marashi ninayoyajua.

"Nimekuja nione siku ya nane kati ya zile thelathini unavyoitumia," Madam Nyawira akaninong'oneza. Akakaa nyuma yangu kabisa.

Hakimu aliingia, mzee mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Kesi mbili zikatangulia, halafu yetu ikaitwa. Karani akatoka mlangoni akaliita jina kwa sauti mara tatu. Kimya. Sijawahi kupenda kimya kama nilivyokipenda kile.

"Wakili?" hakimu akasema.

Nikasimama kuomba mwezi wangu. Nyuma yangu Madam akakohoa. Kile kikohozi kina punda wa maji ndani yake.

"Mheshimiwa," nikasema, na mdomo ukaenda wenyewe, "mdaiwa alipokea hati akatia sahihi. Ameidharau mahakama. Tunaomba hati ya kumkamata."

Nilisema hivyo. Niliwaahidi kuwasimulia yote, basi na hilo lipokeeni.

Mlango ukafunguka. Mama Selpher akaingia na kitambaa chake cha kanisani na mkoba mikononi, anahema.

"Mniwie radhi, mheshimiwa. Nilielekezwa chumba namba nane, nikakaa huko nikisikiliza kesi ya talaka mpaka ikaisha."

"Wewe ni Peres Nanyama?"

"Ndimi."

"Hati ilikutaka ufike saa tatu."

"Wakili wangu aliniambia nisijisumbue. Lakini nikaona si vizuri asimame peke yake kama mtu asiye na watu wake. Nikaja nimsindikize." Akaninyooshea kidole, anatabasamu. "Ndiye huyo amesimama."

Mahakama nzima ilinigeukia. Hata mahabusu mmoja aliyekuwa akingoja kesi yake aliacha kujikuna.

"Mama," hakimu akasema polepole, "huyo ni wakili wa serikali. Ndiye aliyekushtaki. Ulipoingia alikuwa anaomba ukamatwe."

Akanitazama. Tabasamu lilikaa usoni pake kidogo, likakosa kazi, likaondoka. Sikuweza kumtazama, nikatazama mkoba wake. Ni ule wa rangi ya kahawia, wa sadaka.

"Wakili," hakimu akaniambia, "unamfahamu huyu mama?"

Kabla sijameza mate, yeye alijibu.

"Nimekosea, mheshimiwa. Miwani yangu imevunjika. Hawa mawakili wakivaa hizi suti nyeusi wote wanafanana."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, lakini aliandika kitu. Mimi nikakaa.

Akapewa Biblia, akaapa, akasimama kizimbani. Nikatoa karatasi ya maswali. Ofisi yetu ina maswali kumi na moja, yaliyochapwa enzi za mashine za taipu, na kila mdeni wa serikali huulizwa hayo hayo, awe na kampuni au awe na kibanda.

"Una shamba?"

"Sina."

"Una gari?"

"Nina toroli ya kubebea maji."

"Una mifugo?"

"Kuku wanne. Mmoja ni mgonjwa, huyo serikali isimtegemee sana."

"Una nyumba?"

"Ninayo, Jamhuri." Sauti yake ikashuka. "Ndiyo hiyo tu."

Nikafika swali la nane, akaunti za benki, halafu nikaruka nikaenda la kumi.

"Wakili," hakimu akasema, "umeruka la tisa."

"Mheshimiwa, la tisa haliendani na..."

"Maswali haya nayasikia mwaka wa kumi na nne. Naweza kuyaimba. Uliza la tisa."

Swali la tisa ni hili: je, kuna mtu ambaye wewe unamdai? Linaulizwa kwa sababu sheria inairuhusu serikali kumfuata mdeni wa mdeni wake. Kama serikali inakudai wewe, na wewe unanidai mimi, serikali inaweza kuja kunikamua mimi kwa niaba yako. Ni sheria nzuri sana, mpaka siku utakapokuwa wewe unayekamuliwa.

"Je," nikasema, "kuna mtu ambaye wewe unamdai?"

Alingoja. Alingoja muda mrefu kidogo kuliko mtu anayetafuta jibu.

"Kuna mpangaji," akasema.

"Anadaiwa kiasi gani?" Hakimu ndiye aliyeuliza.

"Elfu kumi na mbili kwa mwezi. Miezi saba."

"Elfu themanini na nne. Anaitwa nani?"

Pale kizimbani, Biblia ikiwa bado mbele yake, Mama Selpher aliniangalia mara moja tu.

"Jina lake silijui, mheshimiwa."

"Anakaa kwako na hujui jina lake?"

"Sisi hatuitani kwa majina."

"Anafanya kazi gani?"

"Mjini huko. Mambo ya karatasi."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akafungua faili, akasoma, akafunua, akasoma tena. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Wakili Ndeti. Mwaka jana uliniambia mama huyu hapatikani. Ukamwita kwa tangazo la gazeti. Anakaa Jamhuri. Mimi hupita Jamhuri kila jioni. Nikipunguza mwendo naweza kumsalimia."

"Mheshimiwa, mpelekaji hati aliapa..."

"Kwa hivyo sasa sitaki mpelekaji hati. Sikiliza amri yangu. Nyumba haiuzwi mpaka Ijumaa. Huyo mpangaji aletwe hapa Ijumaa saa tatu. Akikiri deni, ataleta hizo elfu themanini na nne, na kodi yake ya kila mwezi iende serikalini mpaka deni liishe. Nyumba itabaki. Serikali itangoja, imengoja mambo marefu zaidi ya haya. Asipoletwa, nyumba ipigwe mnada."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na hati hiyo utaipeleka wewe. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Utampa mpangaji, halafu utakuja hapa uape kwamba umemkabidhi na amepokea."

Wakili mmoja kijana pembeni yangu akaniambia pole. Hakujua anatoa pole ya ukubwa gani.

Nje kwenye ukumbi karani alinipa hati yenyewe, wino wa muhuri haujakauka. Ilikuwa imejazwa kila kitu isipokuwa mstari mmoja: jina la mpangaji. "Ukilipata utajaza," akasema.

Madam Nyawira akanivuta hadi dirishani.

"Elfu kumi na mbili kwa mwezi, Musili? Hilo deni litaisha mimi nikiwa nimekufa na kuzikwa. Nyumba ya Jamhuri ikipigwa mnada, pesa zote ziko mezani kabla ya mwisho wa mwezi, na jina langu liko kwenye ripoti."

"Lakini hakimu amesema..."

"Amesema umtafute. Hakusema umpate." Akafungua mkoba, akatoa fomu ya kiapo. Naijua, ni ile ile ya Lazarus. Nilimtafuta mara tatu, sikumpata. Akanipa na kalamu yake nzuri. "Jaza hii, Ijumaa uape, ubaki Nairobi. Na ile habari ya yule mama kukuita wakili wake, mimi sikuisikia. Si mnafanana wote?"

Kwa hivyo alijua. Labda si yote, lakini alijua ya kutosha. Na nikilijaza jina langu kwenye ile hati, si kwenda kwa punda tena. Wakili anayemshtaki mwenye nyumba wake, na kumdanganya asifike kortini, hufutwa kwenye orodha ya mawakili. Nitarudi Machakos kuuza mkaa na shahada yangu.

Mama Selpher alikuwa kwenye benchi karibu na ngazi, mkoba magotini. Nikamwendea. Nilikuwa na karatasi moja kila mkono.

"Mama Selpher..."

"Usiniite hivyo hapa. Hapa mimi ni Peres."

"Wakati nashtaki sikujua ni wewe. Naapa."

"Naamini," akasema. "Lakini Jumamosi ulijua."

Nilizificha zile karatasi mbili nyuma ya mgongo.

"Huyo mpangaji," akasema, "utampata?"

"Mama, tafadhali..."

"Nakuuliza wewe wa serikali. Utampata?"

"Anaweza kupatikana."

"Ukimpata mpe ujumbe wangu. Mwambie nimeishika Biblia nikadanganya kwa ajili yake. Nina miaka sitini na sita, sijawahi. Nilitaka apate nafasi ya kusema mwenyewe, kwa sababu nilimchukua kama mtoto wangu." Akasimama, akajipanga kitambaa. Macho yake yalikuwa yamejaa lakini sauti haikutetemeka. "Mwambie ni mara hiyo moja. Ijumaa nitakaa pale mbele, ningoje asimame. Asiposimama, acha wauze. Sitamtaja. Lakini ajue nyumba ilikwenda wapi."

Akaanza kushuka ngazi, moja moja, mkono ukutani. Ngazi za pale ni nyingi. Sikwenda kumshika mkono, maana Madam Nyawira alikuwa bado dirishani ananitazama, na kalamu yake ilikuwa mkononi mwangu.